Miaka Minne Nikihesabu Chupa za Mke Wangu

Kwa miaka minne nilikuwa naamka usiku wa manane, naitoa chupa mahali nilipojua imefichwa, naimulika kwa simu na kutafuta mstari. Mstari huo niliuchora mwenyewe kwa biro, mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga, pembeni mwa lebo ambapo hangeuona. Pombe ikiwa imeshuka chini ya mstari nachora mwingine, kisha naandika kwenye daftari: tarehe, saa, kiasi kilichopungua. Halafu nairudisha chupa palepale na kwenda kulala kando ya aliyeinywa.

Mimi ni mtunza stoo. Nafanya kazi kwenye ghala la mabomba na vifaa vyake huko Industrial Area, na kuhesabu ndiyo kazi ninayoijua tangu nitoke shule. Koki ikiingia ina kadi, ikitoka ina sahihi ya mtu, na hesabu isipolingana mwisho wa mwezi kuna anayeitwa ofisini. Sikuona kwa nini nyumba yangu iwe tofauti. Nilidhani nikipata hesabu kamili, siku moja nitaifungua mbele yake, ataona aibu, ataacha.

Mke wangu nitamwita Mama Neema kwa sababu hata nyumbani ndivyo ninavyomwita. Haya ameyasoma kabla yako. Mahali pawili amenisahihisha. Mahali pamoja amesema toa, nikatoa.

Alikuwa na kibanda Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, akiuza nguo za watoto. Wanaoijua Gikomba wanajua kazi hiyo huanza giza likiwa bado: beli inafunguliwa, wanawake wameizunguka, mwenye jicho na mkono mwepesi anaokota kamera, zile nguo bora, aliyechelewa anabaki na fagia, yale makombo. Mama Neema alikuwa na jicho. Angegusa gauni la mtoto gizani akakwambia litauzwa pesa ngapi Umoja na pesa ngapi Kileleshwa. Baridi ya saa kumi na moja alfajiri kando ya Mto Nairobi si mchezo, na kulikuwa na kachupa kalikozunguka, kila mmoja akipiga funda moja la kupasha mwili. Sikuona ubaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa mbili tatu Jumamosi nikitazama mpira.

Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 Gikomba iliungua. Watu 15 walikufa. Kibanda chetu kiliteketea pamoja na beli mbili alizokuwa amechukua kwa mkopo. Alienda akakuta mabati yaliyojikunja, akarudi na harufu ya moshi iliyokaa kwenye leso yake wiki nzima. Tangu siku hiyo nikawa na maelezo. Mtu akiniuliza mbona mama watoto amebadilika, nasema moto. Kimoyomoyo pia najiambia moto. Ni maelezo mazuri, kwa sababu moto hauishi nyumbani kwako. Ilinichukua miaka kukubali kwamba Krismasi ya 2016, tukiwa kwao Machakos, nilikuta chupa ya robo ndani ya begi la nepi za Baraka, kitinda mimba wetu, nikairudisha na kufunga zipu. Kabla ya moto huo bado ulikuwa umebaki mwaka mmoja na nusu.

Mwanamume mlevi ana nafasi yake Nairobi. Watamcheka, watamtania, na usiku watamshika mkono hadi mlangoni kwake. Mwanamke anayelewa hana nafasi hiyo, na mumewe ndiyo kabisa: ataambiwa amekaliwa na mke. Ploti yetu ya Umoja ina nyumba ishirini na nne na veranda moja kila ghorofa. Ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakupa pole. Basi kazi yangu ya pili ikawa kuficha. Takataka hubebwa Jumamosi, na mifuko hupangwa kwenye ngazi, kila mtu akiuona mfuko wa mwenzake umebeba nini. Chupa hazingeenda pale. Nilizivalisha soksi za watoto zisigongane, nikazipanga kwenye mkoba wangu wa kazi, nikapanda nazo matatu hadi Industrial Area. Asubuhi moja tulirushwa na tuta kule Donholm, mkoba ukalia, kondakta akaniangalia. Nikamwambia ni vyombo vya maabara. Wala hakuwa ameniuliza.

Uongo ulikuwa na ratiba. Kwenye chama cha kina mama: ana taifodi. Kwenye mkutano wa wazazi shuleni: amesafiri matangani. Kwa dada yake: simu imeanguka majini. Taifodi niliitumia mara nyingi mpaka mama mmoja wa chama akaniletea majani ya mwarobaini, fungu zima, bure. Nikamshukuru. Nikayachemsha, nikayanywa mwenyewe.

Kulikuwa na sheria pia niliyoiegemea. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ambayo Wakenya huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni, ilisema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Mtunza stoo hupenda kanuni. Nikajiambia angalau mchana yuko salama. Sikujua habari za dirisha la nyuma, ambapo unagonga mara mbili na kusema umekuja kutoa loki. Na sikujua kwamba mtu anayetoa loki kila asubuhi, anayekunywa ili mikono iache kutetemeka aweze kumfunga mtoto vifungo vya sare, hanywi tena kwa starehe. Mwili wake umeshazoea, na ukinyimwa utamgeuka. Hilo laiti ningelijua mapema.

Neema alikuwa na miaka minane alipoanza kunusa vikombe. Nilimwona jikoni. Mama yake alikuwa ameacha kikombe cha chai kwenye meza, mtoto akakiinua, akakinusa haraka kama paka, akakirudisha, akaenda kumwambia Baraka waende wakacheze chini. Hakuna aliyemfundisha. Au tuseme mimi ndiye niliyemfundisha, kwa sababu nami nilikuwa nikivinusa, nikidhani hakuna anayeniona.

Agosti 2022 niliamua kuwa mwanamume. Uchaguzi mkuu ulikuwa Jumanne tarehe 9, ghala lilifungwa, shule zimefungwa, watoto nikawapeleka kwa dada yangu Kitengela. Jumatatu usiku nilizunguka nyumba na daftari mkononi nikikusanya: moja ndani ya ndoo ya unga, moja nyuma ya mtungi wa gesi, mbili kwenye buti zangu za mvua, na ile niliyoichukia kuliko zote, iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni ikaelea ndani ya tangi la choo. Kile kifuniko cha tangi kina sauti yake kikisogezwa, kama jino likisaga jiwe, na kwa miaka nilikuwa nikiisikia usiku na kujifanya nimelala. Nilimwaga zote kwenye sinki mbele yake. Nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni.

"Siku tano," nikamwambia. "Ukizimaliza utakuwa mtu mpya."

Alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi. "Baba Neema, usinifanyie hivi ghafla."

Nikadhani ni pombe inayojitetea.

Jumanne nilimfungia nikaenda kupiga kura. Niliporudi alikuwa ameloa jasho, chai haikai tumboni, mikono inacheza hivi kwamba kijiko kililia kwenye kikombe. Nikaona dawa inafanya kazi. Usiku hakulala. Jumatano kabla hakujapambazuka, runinga ya jirani ikisoma matokeo ya maeneo bunge, nilisikia kishindo koridoni. Nilimkuta chini, shingo imekakamaa, macho yamegeuka juu, kisigino kimoja kinagonga mlango wa choo, ko, ko, ko, kwa mpigo mmoja kama mtu aliyetumwa. Nilijaribu kumtia kijiko mdomoni, kosa jingine. Nikatoka kwenye veranda nikapiga kelele.

Jirani wa mlango wa pili, yule yule niliyemkwepa na mifuko ya takataka miaka yote, alikuja na ufunguo wa Probox yake mkononi. "Toa hicho kijiko. Mlaze ubavu." Tulipokuwa tunamshusha ngazi akasema, bila hata kuniangalia, "Ni ile pombe, au sio?" Walikuwa wanajua. Ploti nzima. Soksi zote zile nilizivalisha chupa bure.

Barabara zilikuwa tupu, kila mtu yuko ndani anasubiri hesabu ya kura. Hospitalini daktari kijana aliuliza kama ana kifafa, nikasema hana. Akauliza kama ana mimba, kama ameumia kichwa, kama ametoka sehemu ya malaria. Kisha akauliza, "Anatumia pombe?"

Nikajibu, "Hapana, hatumii."

Sijui kama nitaweza kulieleza hilo. Mke wangu amelala pale akiwa na damu ya ulimi kwenye kidevu, na mimi bado nalinda jina lake kama mlinzi wa lango ambaye nyumba imeshaungua nyuma yake. Daktari akaandika. Muuguzi mmoja mtu mzima, mwenye sweta la buluu juu ya sare, alikuwa anamsafisha uso. Akaniita nje kwa kisingizio cha kadi.

"Baba, nakuuliza tena, hapa tuko wawili. Alikunywa mara ya mwisho lini?"

"Jumatatu. Saa mbili na dakika ishirini usiku. Karibu robo."

Alinitazama. "Hanywi, na unajua hadi dakika?"

Ndiyo mara pekee daftari lile lilimfaa mtu. Baadaye walinieleza, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Ubongo unaopewa pombe kila siku kwa miaka huwa umezoea kukanyagiwa breki, kwa hiyo nao hukanyaga mafuta zaidi ili usilale. Ukiondoa breki ghafla, gari linabaki na mafuta peke yake. Degedege mara nyingi huja kati ya saa 6 na saa 48 tangu kinywaji cha mwisho. Ukipita hapo, siku ya pili hadi ya nne yaweza kuja kuchanganyikiwa, homa na kuona visivyokuwepo, na hilo huua. Mtu wa namna hii hafungiwi nyumbani. Hupelekwa penye daktari, akapewa diazepamu inayopunguzwa siku baada ya siku, na vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu sukari ikitangulia inaweza kuudhuru ubongo uliokosa vitamini hiyo. Nilikuwa nimemfungia ndani na ufunguo mfukoni nikajiita mwokozi.

Alhamisi alianza kuona vitu. Aliishika shuka kwa vidole viwili, akaikunjua, akaigeuza, akaiweka kando. "Hii kamera," akasema. Akashika upande mwingine. "Hii fagia." Alichambua shuka ile jioni nzima, taratibu, kwa mkono uleule niliokuwa nikiujivunia, akiwauliza wateja umri wa mtoto. Nilikaa kwenye benchi la mbao nikimwangalia. Kwa mara ya kwanza tangu 2018 sikuandika chochote.

Kilichofuata nitakipitia haraka maana yalikuwa makaratasi na simu tu. Walitaja Mathari, hospitali ya akili iliyo kando ya Thika Road, ambako waraibu pia hutibiwa. Mama mkwe akasema kwa simu mwanawe si mwendawazimu, na kwamba alipokuja kwangu hakuwa mlevi. Mama yangu mzazi naye akapiga kutoka Kakamega: "Mrudishe kwao, bado u kijana." Mtu wa kanisani akanivuta kando akaniambia kuna dawa ya kutiwa kwenye chai kisirisiri, akinywa pombe atatapika mpaka aichukie. Nilimuuliza daktari. Akasema dawa ya namna hiyo ipo, inaitwa disulfiramu, na hupewa mtu anayejua anachomeza na aliyekubali, kwa sababu ikikutana na pombe mwilini presha huanguka na moyo hukimbia. Kumtilia mtu kwenye chai ni kumtegea sumu. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta pa kuinunulia.

Usiku mmoja, jikoni, nilipiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, nikasema rafiki yangu ana mke anayekunywa. Aliyepokea hakunibana. Alinisikiliza habari za huyo rafiki mpaka nikateleza nikasema "mimi".

Kituo cha urekebishaji tulikipata Kiambu, siku tisini. Pesa nilikopa kwenye sacco. Fomu ya sacco ina mstari wa sababu ya mkopo, nikaandika karo. Mdhamini wangu wa tatu, jamaa wa idara ya usafirishaji ambaye hatukuwahi kuzungumza zaidi ya habari za shehena, aliisoma fomu akauliza, "Karo Agosti?" Nikanyamaza. Akatia sahihi. Kisha akasema kaka yake alikaa kituo kama hicho mara mbili, ya kwanza haikushika, ya pili imeshika. Alisema hivyo na kurudi kwenye lori lake. Nilisimama pale na fomu nikijiuliza ni wangapi humu ndani ya geti tunabeba chupa kwenye soksi.

Wiki za mwanzo haturuhusiwi kumwona. Nilipewa orodha ya vitu: nguo, ndala, sabuni, marashi hapana, dawa ya kusukutua mdomo yenye alkoholi hapana. Mwezi wa pili tukaitwa kikao cha familia. Mshauri alituambia kila mtu aje na anachotaka kusema. Mimi nilikuja na daftari.

Nililisoma. Nilikuwa nimelingojea tukio hilo miaka minne. Tarehe 3, nusu. Tarehe 4, robo na zaidi. Tarehe 7, amelala bafuni, watoto hawajala. Mama Neema alikuwa amevaa sweta la kijivu lisilo lake, amenenepa kidogo, mikono imetulia juu ya magoti. Alinisikiliza kurasa tatu. Halafu akauliza, si kwa ukali, "Siku uliyowaambia kina mama wa chama nina taifodi, umeiandika?"

Nikapekua kana kwamba ningeipata.

"Siku nilipokwambia nataka kumwambia dada yangu ukweli, ukasema tutaaibika, umeiandika? Siku ile ulininunulia wewe mwenyewe, mvua inanyesha, kwa sababu nilikuwa natetemeka na wageni wako wanakuja?"

Ya mwisho hiyo ndiyo niliyotaka kuiacha nje ya simulizi hii. Ni yeye aliyesema ikae, akaniambia nitoe nyingine. Ni kweli nilimnunulia. Mara moja kwa wageni, na mara nyingine mbili ambazo hakuzitaja pale. Stoo yangu ilikuwa na kadi za vilivyotoka tu. Vilivyoingia kwa mkono wangu sikuviandika.

Mshauri hakusema neno. Aliniomba daftari, nikadhani analichukua. Akaniuliza ninataka kulifanyia nini. Nikasema sijui. Nikarudi nalo nyumbani, na liko mpaka leo chini ya kabati la vyombo. Nilishasikia watu wakisimulia walivyochoma vitu vya namna hii. Mimi huona kuchoma ni rahisi mno.

Alirudi Novemba. Hapa ndipo watu hudhani hadithi imeisha, na hapa ndipo mimi nilipata taabu kuliko wakati wote. Kwa miaka minne nilikuwa nimeshika kila kitu: kodi, karo, simu yenye pesa, ndoo ya unga, saa ya watoto kulala. Sasa amekaa mbele yangu mtu mzima, macho meupe, anataka kujua kwa nini Baraka hajapelekwa kwa daktari wa meno. Anataka pesa ya matumizi aishike mwenyewe. Anakasirika, na hasira yake haina harufu ya pombe niweze kuipuuza. Mlevi huwezi kushindwa naye kwa maneno. Daima wewe ndiye mwenye haki. Kuna jioni nilijikuta nikitamani, kwa sekunde moja, awe mgonjwa tena ili niwe mtu mwema. Hilo nalo lilikuwa gumu kuliandika kuliko lile la kununua.

Kuna kikundi alichoelekezwa, cha wale waliokuwa walevi wakaacha. Chanzo chake ni Akron, Ohio, mwaka 1935, Bill Wilson aliyekuwa dalali wa hisa na Bob Smith aliyekuwa daktari wa upasuaji, walevi wawili waliogundua kwamba mlevi humsikia mlevi mwenzake. Ninachopenda zaidi mimi ni habari za Lois, mke wa Bill. Waume walipokuwa wamekaa kwenye mikutano, wake walikuwa wakingoja nje kwenye magari na jikoni wakipika kahawa, na wao nao walikuwa na mambo yao. Mwaka 1951 wakawa na chama chao. Nilipoenda mara ya kwanza kwenye kikundi cha namna hiyo cha jamaa za walevi, katika ukumbi wa kanisa, nilifungua mlango nikakuta wanawake tisa. Wote waligeuka. Mmoja akaniambia kwa upole, "Baba, cha wanaokunywa ni kile chumba cha pili."

Nilikaa hapohapo. Nilidhani wataniuliza Mama Neema yu hali gani, nimejiandaa kusema ana siku sitini na mbili tangu arudi. Hawakuuliza. Waliuliza mimi ninalalaje.

Aliteleza Aprili, matangani Machakos. Shangazi yake alikuwa amefariki, kuna baridi, kuna kachupa kanazunguka kama zamani. Nilijua kabla hajashuka kwenye basi. Ukikaa na harufu hiyo miaka, inakufikia kabla ya mwenyewe. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye mkoba wake. Zipu niliishika. Tulikuwa tumekubaliana akiwa na akili zake, na maneno ni yake, kwamba siku hiyo ikija mimi sitapekua, sitamfungia, wala sitamdanganyia mtu. Nitasema nimeona, basi. Nikamwambia, "Mama Neema, nimeona." Nikachukua watoto tukaenda kula chipsi, na sijawahi kula chipsi mbaya kama zile. Tuliporudi alikuwa kwenye ngazi, simu sikioni, anaongea na yule mama wa kikundi chake anayemshika mkono, analia na kucheka. Kwa kuwa ilikuwa siku moja tu hakuhitaji kulazwa, lakini kesho yake alijipeleka kliniki mwenyewe. Dada yake alipopiga simu kumtafuta, nilianza, "Simu yake ime—" nikakata. Nikasema, "Amelewa jana. Leo yuko kliniki. Mpigie jioni."

Dada yake akanyamaza, kisha akasema, "Asante kwa kuniambia, shemeji." Haikuanguka mbingu.

Tangu hapo imepita miaka miwili na zaidi. Yeye anajua siku zake. Mimi sizijui, na akiniambia nasahau makusudi. Anauza nguo za watoto kwenye ukuta wa nyumba moja karibu na soko la Umoja, hajarudi Gikomba, anasema alfajiri ile hawezi. Mkopo wa sacco bado naulipa. Neema amekuwa mrefu kupita bega langu, na bado ananusa vikombe, vya kila mtu, hata kwa wageni. Tumempeleka kwa mshauri wa watoto mara kadhaa. Hatujamkataza.

Mwezi uliopita niliamshwa saa tisa usiku na sauti ile. Jino likisaga jiwe. Upande wake wa kitanda ulikuwa mtupu. Nililala nikitazama dari, moyo unagonga masikioni, nikisikia maji, kisha kimya, kisha kifuniko kinasogezwa tena. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu sekunde.

"Baba Neema, umelala?"

"Nimeamka."

"Kile kidude cha kuelea kimekwama, maji yanamwagika tu. Njoo."

"Hakuna haja nije," nikasema. Nilikuwa nimejizoeza kusema hivyo. "Nakuamini."

Akasimama kwenye mlango wa chumba, mikono inachuruzika maji hadi kwenye viwiko. "Na nani amekwambia uje kukagua? Wewe si ndiye unayeuza hivi vitu? Njoo unimulikie, sioni."

Nikachukua simu, nikawasha tochi, nikaenda.